Simu ya Bukavu

Kuna wanawake ambao Mungu huwakutanisha na mwanamume waliyeachana naye siku wamependeza. Wangu aliletwa na kampuni ya intaneti, Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, nikiwa na bigudi za kuviringia nywele kichwani na unga wa mandazi hadi viwikoni.

Nilifungua mlango wa nyumba yetu, ghorofa ya tatu pale Ganshoren, huku ughaibuni, nikaona koti la kazi la bluu, sanduku la vyombo vya ufundi, na juu ya koti uso ambao kwa miezi mitatu nilikuwa nimeuombea kila baya isipokuwa kifo. Nday. Alikuwa amekonda. Nilifurahi kwamba amekonda, kisha nikajichukia kwa kuliona hilo haraka hivyo.

Yeye alitazama karatasi yake, akatazama namba ya mlango, akarudi kwenye karatasi. Labda alitumaini itabadilika.

"Bonjour, Madame," akasema. "Ni hapa intaneti inakata-kata?"

Madame. Mtu huyuhuyu aliwahi kuacha tramu tatu zipite kwenye mvua ya Novemba ili asiuachie mkono wangu. Nikamuuliza kama kampuni yao haina fundi mwingine.

"Iko nao. Wako congé, tuko août." Hakuinua sauti wala jicho. "Unaweza kurefuse. Nitaandika client amekataa, watakupa rendez-vous ingine. Le trente."

Wenzake wako likizo ya Agosti, na trente ni tarehe thelathini; siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na nane. Saa tisa alasiri, Lucien wa Etterbeek, mtaa mwingine wa jiji letu, angekaa kwenye kochi letu pamoja na wakubwa wake wawili, kuja kujitambulisha rasmi kwamba ananitaka. Baba yangu ni marehemu. Kinywa cha baba ni mdogo wake, Tonton Jean-Marie, na Tonton yuko Bukavu, mji tuliotoka. Angetokea kwenye skrini ya kompyuta kwa Skype, amsikilize mgeni, aulize swali, apokee jibu. Bila Tonton hakuna utambulisho, na bila intaneti hakuna Tonton. Na intaneti yetu ilikuwa na tabia za mgeni asiyependa chakula cha nyumba: inakuja, inakaa kidogo, inaondoka bila kuaga.

Nilikuwa nimeipigia kampuni mara tatu. Nilikuwa nimezima modemu nikahesabu hadi thelathini na kuiwasha. Nimebadilisha waya. Nimeitoa nyuma ya televisheni nikaiweka juu ya kabati la vyombo, na hata kile kitambaa cha kufuma ambacho Maman aliifunika nacho isipate vumbi nimekivua, tukagombana siku nzima. Mara nne, mara tano kwa siku, taa yake ya kijani ilizimika vilevile.

"Ingia," nikamwambia. "Na uvue viatu."

Alivua. Soksi zake zilikuwa mpya, na moyo wangu, ambao hauna adabu, ukauliza ni nani amemnunulia.

Maman alitoka jikoni akijifuta mikono. Mama yangu, Maman Cécile kwa watu wa parokia, ni mwanamke mfupi mwenye macho yanayofika mahali kabla yake. Alipomwona Nday alisimama wima. Katika maisha yangu nimemwona mama yangu amekosa la kusema mara mbili tu, na zote mbili zilikuwa siku hiyo.

"Monsieur anatafuta nini hapa?" alisema mwishowe.

"Natafuta panne ya intaneti, Maman."

"Atafute haraka. Tuko na wageni."

Hilo neno wageni alilitupa kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea samaki, na lilimfikia aliyekusudiwa. Nday alikuwa anajua. Wakongomani wote tunaofahamiana, kutoka Ganshoren hadi migahawa ya Ixelles, walijua kwamba Lucien anakuja kwetu. Habari kama hiyo haihitaji intaneti.

Hapa, msomaji, nikueleze kilichotutenganisha, maana bila hicho utadhani mimi ni mwanamke mkali tu. Mwezi wa Mei Nday alisafiri hadi Lubumbashi, kwao Katanga, kuwakusanya wakubwa wake. Tonton Jean-Marie naye alikuwa hapa kwetu, amekuja kutibiwa macho. Ikapangwa Jumamosi. Upande wa kule kwenye Skype walikaa Nday na wazee wake. Upande wa huku Tonton, Maman, na mimi ndani ya kitenge kipya. Salamu zikaenda vizuri. Wazee wakacheka. Kisha Tonton akauliza swali, lile ambalo kwetu mkubwa huliuliza mara moja tu: kijana, huyu binti unamtaka kweli? Nday akafungua kinywa. Skrini ikawa nyeusi.

Tulingoja dakika kama kumi. Maman akasema mwanamume anayelikimbia swali haitwi arudi, akaifunga kompyuta. Nday alinipigia mara tatu, sikupokea. Wiki moja baadaye nikampigia mimi, hakupokea yeye. Kuanzia hapo kila mmoja akakaa na hasira yake, akiichochea isipoe.

Na sasa yuko sebuleni kwetu, amepiga magoti mbele ya tundu la simu ukutani, anachomeka kipimo chake. Aliuliza maswali yale yale niliyokwisha kuulizwa na kampuni. Inakata saa ngapi? Saa yoyote. Mvua ikinyesha? Hata jua likiwaka. Simu ngapi humu nyumbani? Moja. Uko hakika? Naishi hapa, nikamjibu. Aliandika. Nilimsimamia juu ya kichwa kama mwalimu wa zamu, na nikaona kwamba bado ana kile kikovu nyuma ya sikio, na nikageuka nikatazama dirisha.

Robo saa ikapita, modemu inawaka vizuri, kijani tupu. Ndivyo vyombo vilivyo. Ukimleta daktari vinapona.

"Laini yenu iko muzuri," alisema. "Modem muzuri. Labda ni muntu wa humu anaizima."

"Kukata ni kazi yako, si yetu."

Aliacha kuandika. "Rudilia."

"Nimesema unajua kukata. Tonton alikuuliza, ukakata."

Aliinuka polepole, kipimo kikining'inia mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alinitazama machoni, na sikuona aibu niliyoitarajia. Niliona mtu aliyekasirika kuliko mimi.

"Madame, ni ninyi mulikata. Bakubwa yangu walikaa mbele ya écran nyeusi saa nzima. Mzee Tshibangu, yaya ya baba yangu, mukubwa wake wa kuzaliwa, alitoka Likasi na bus, na costume na tai, na miguu inamuuma. Walimuletea maji akakataa. Akaniambia, mutoto yangu, hawa bantu wametufungia mulango tungali tunabisha hodi."

Nilimwambia ni uongo. Nilimwambia na mengine, maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga usiku kwa usiku nikiwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikigeuza godoro na kupima presha. Kwamba mwanamume mzima hujificha nyuma ya wazee wake, kwamba alitaka kunijaribu kama nguo ya dukani. Yeye akasema kwamba kwetu tumezoea kuwadharau watu wa Katanga, na kwamba binti aliyemjua hakuwa na ulimi huu. Nikamwambia binti huyo alikufa Mei. Akasema basi apumzike kwa amani. Tulikuwa tunasemezana kwa sauti ya chini, kwa sababu Maman yuko jikoni, na hasira ya chinichini ndiyo inayochoma zaidi.

Hapo ndipo simu ya chumbani kwa Maman ilipolia. Mara moja tu, kriii, ikanyamaza. Juu ya kabati, taa ya kijani ya modemu ikazimika.

Nday aliitazama modemu. Akautazama ukumbi mwembamba unaoelekea vyumbani. Akanitazama mimi.

"Nilikuuliza simu ngapi humu nyumba."

"Nikakujibu moja."

"Na ile?"

"Ile si ya nyumba," nikasema. "Ile ni simu ya Bukavu."

Cheka ukitaka, lakini hata ningeapishwa ningejibu hivyohivyo. Ni simu nyekundu ya zamani iliyoachwa na mpangaji aliyetutangulia, na Maman aliichomeka nyuma ya kabati lake la nguo tangu mwaka tuliohamia. Hakuna anayeipokea. Tantine Bibiane, mdogo wake aliye Bukavu, humbip: simu inalia mara moja, anakata, hatumii hata senti. Maman husikia, huchukua kadi yake ya kupigia Afrika, hukaa kitandani na kumrudishia. Wanafanya hivyo mara nne, mara tano kwa siku. Mimi nimekua nikiisikia ile kriii kama wengine wanavyosikia kengele ya kanisa la jirani. Kampuni iliponiuliza simu za nyumbani, ile haikunijia akilini.

Nday alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Sauti na intaneti hupita kwenye waya mmoja. Kila simu inatakiwa kuvishwa kidude cheupe cha kuvitenganisha, wenyewe wanakiita filtre. Simu isiyokuwa nacho ikilia, inautikisa waya mzima, na intaneti inaanguka. Kila Tantine alipobip, sisi tulikatika.

Alikaa mezani akafungua kompyuta yake ya kazi. Kampuni huweka historia ya laini, kila kukatika na saa yake. Akanisomea ya jana: huit heures cinq, onze heures vingt, quinze heures; saa mbili na dakika tano, saa tano na dakika ishirini, saa tisa. Nilizitambua zote. Ya kwanza Tantine ametoka misa, ya pili anaenda sokoni, ya tatu amesikia habari na haiwezi kulala ndani yake. Nikaona haya. Wiki nzima nimemlaumu mtu wa simu wa kampuni, maskini, kumbe tatizo ni mama mdogo wangu mwenyewe wa Bukavu.

Lakini Nday hakuifunga kompyuta. Kidole chake kiliendelea kupanda ile orodha. Julai. Juni. Niliyaona mabega yake yakikaza ndani ya koti la bluu. Kisha akasimamisha kidole, akaigeuza kompyuta kunielekea.

"Soma weye mwenyewe."

Nikasoma. Samedi douze mai. Seize heures douze. Jumamosi tarehe kumi na mbili Mei, saa kumi na dakika kumi na mbili.

Masikio yangu yakazibuka. Niliisikia tena ile sebule ya Mei, Tonton akimaliza swali lake, Nday akifungua kinywa, na chumbani, mbali, kitu ambacho sikukijali kwa sababu nimekizoea. Kriii. Mara moja.

"Ni Tantine," nikasema, na karibu nicheke kwa uchungu. "Tantine Bibiane alibip."

Nilipolisema tu nikajua si kweli. Mwezi wa Mei saa za Bukavu na za kwetu ni sawa, na Jumamosi saa kumi Tantine yuko kwenye mazoezi ya kwaya, ambako mwalimu hukusanya simu zote kwenye kikapu kabla ya kuanza. Hata afiwe, saa hiyo Tantine habip.

Maman alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Sijui tangu lini.

"Maman," nikasema. "Nani alibip ile siku?"

"Mandazi inaungua," akajibu.

Ni kweli zilikuwa zinaungua. Moshi ulikuwa umeanza kuingia. Hakuna hata mmoja wetu aliyetikisika. Mwishowe Maman alirudi ndani, akazima jiko, akatoka tena na kukaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya mapaja. Alisema akimtazama Nday, si mimi.

"Ni mi. Niliona zamani kama ile simu ikilia, intaneti inakata. Sikusema kwa muntu. Ile siku nikaweka portable, simu ya mukononi, ndani ya kikwembe, Jean-Marie akauliza, nikabip ile ya chumba."

"Juu ya nini, Maman?" Sauti yangu ilikuwa ndogo, sikuijua.

Sasa alinigeukia. "Juu huyu aliniambia mwenyewe, hapa, kwenye hii meza, atafungua atelier ya ufundi Lubumbashi. Atakurudisha kule. Mi nilikubeba toka Bukavu uko na miaka sita, nilikubeba na huu mukono. Siku mingi sikujua kama utafika. Alors nikupe muntu wa kukurudisha? Lucien iko Etterbeek. Etterbeek napanda tram, nafika, nashika mutoto wako, narudia nalala kwangu."

Nilimchukia mama yangu wakati ule, na nikamhurumia, vyote viwili kwa pamoja. Mama hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshikwa akiiba chakula cha watoto wake.

Nilidhani Nday atapiga kelele. Alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na mtu ndani yake, akasema miezi mitatu, akarudia, miezi mitatu. Kisha akanigeukia, na nikaona kwamba hasira yake haikuwa imekwenda kwa Maman hata kidogo.

"Bip ni ya maman yako. Lakini kuamini ni kwako. Miaka miwili tuko pamoja, écran inazima dakika moja, na weye unasema Nday amekimbia. Hata siku moja haukujiuliza. Hiyo njo inaniuma. Ile bip haina kitu."

Niliutazama unga uliokaukia mikononi mwangu.

Nday alifunga kompyuta, akatoa kwenye sanduku kidude cheupe kinachotoshea kiganjani, akaelekea ukumbini. Maman akainuka haraka kuliko umri wake, akasimama mbele ya mlango wa chumba chake. Sote watatu tulijua ni kwa nini. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Kwao ni mwiko, kwetu ni mwiko. Hata nyumba ikiungua, ataita mtu mwingine. Lakini fundi ni fundi, anaingia popote penye waya.

"Maman," alisema Nday, na sauti yake ilikuwa tulivu mpaka ikaniogopesha. "Kama miye ni fundi, naingia, naweka, dakika mbili. Kama miye ni mukwe, siingie. Maman achague."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya pili. Mama yangu alifungua mdomo akaufunga. Kumzuia ni kumwita mkwe kwa kinywa chake. Kumruhusu ni kumfuta. Halafu Maman akasogea kando na kutazama ukuta.

"Ingia. Fundi anaingia popote."

Nday aliinua mguu. Niliuona ule mguu, na soksi yake mpya, ukifika kwenye kizingiti na kusimama hapo. Akakaa hivyo. Kisha akaurudisha.

"Merci, Maman," akasema. "Lakini siingie."

Aliunyosha mkono wake nyuma bila kunitazama, kidude cheupe kiganjani. "Rolande. Shika."

Lilikuwa jina langu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilimpenda. Wacha niliseme wazi, maana kulificha ni kazi bure: nilimpenda pale, na bigudi zangu, zaidi ya siku yoyote ya tramu na mvua, na nilijua kwamba sina haki hata ya kumshika mkono wa koti. Niliingia, nikalivuta kabati la nguo, nikapiga magoti kwenye vumbi. Yeye akanielekeza kutoka mlangoni. Chomoa ule waya. Chomeka filtre ukutani. Sasa waya ndani ya filtre. Sukuma mpaka useme tak. Ikasema tak. Maman alisimama kati yetu, ameshika ncha ya kikwembe chake cha kitenge.

Nilipotoka alikuwa anavaa viatu. Alinipa karatasi nitie sahihi. Nikamuuliza kwa nini ametengeneza, na anajua vizuri saa tisa laini hii ni ya kumtambulisha Lucien.

"Juu niko na bon, karatasi ya kazi." Alilifunga sanduku. "Na juu sitaki mwaka kesho useme tena ni laini. Sasa Bukavu muzima ibip, haitakata. Saa tisa ukinyamaza, ni weye umenyamaza."

Akashuka ngazi. Ningeweza kumwita. Ngazi zetu zina mwangwi, hata kunong'ona kungemfikia. Lakini kiburi kilikuwa kimenishika ulimi, na nilisimama pale mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Saa tisa Lucien alifika na wakubwa wake, suti ya kijivu, chupa mbili za divai, meno meupe. Sina neno baya la kusema juu ya Lucien. Ana adabu, ana kazi nzuri ya ofisini, anakumbuka kuuliza hali ya mama yako. Ukikaa naye saa moja unapumzika, kama ukikaa karibu na feni.

Tonton alitokea kwenye skrini mara ya kwanza tulipopiga, safi mpaka nikaona vidole vyake kwenye miwani. Maman, badala ya kufurahi, aliigeukia modemu mara mbili. Taa ilikuwa kijani. Salamu zikatolewa, divai ikaonyeshwa kwa kamera, mkubwa mmoja wa Lucien akasema methali nzuri yenye mtu na shoka na msitu. Tonton akamuuliza Lucien swali lake, Lucien akajibu vizuri na kwa sauti. Kisha Tonton akasogeza uso.

"Na weye, mutoto wa yaya yangu. Huyu muntu amesema. Tupokee maneno yake?"

Wote wakanitazama. Lucien akatabasamu. Kusema ndiyo siwezi; kusema hapana mbele ya wakubwa wawili waliovaa tai, mbele ya mama yangu aliyenibeba kwa mkono, nako siwezi. Basi nikafanya jambo la aibu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya kitenge, na ndani ya mkono kulikuwa na simu yangu. Nday alikuwa ameniambia haitakata, na filtre niliichomeka mimi mwenyewe. Lakini nilikuwa nimezoea kutomwamini, miezi mitatu ni mingi, tabia haitoki asubuhi moja. Nikabonyeza namba ya chumbani kwa Maman.

Kriii.

Kichwa cha Maman kiligeuka kunielekea kabla hata mlio haujaisha. Alijua. Nani ajue kama yeye?

Kriii. Kriii. Taa ya modemu ikabaki kijani, imetulia. Tonton hakuyumba hata kidogo. Alikuwa pale pale, akingoja, anapepesa macho yake yaliyotibiwa. Yule mwanamume alikuwa amesema kweli, kama siku zote.

"Rolande, simu inalia kwenu," alisema Tonton. "Tungojee upokee?"

"Hapana, Tonton. Ni mi napiga." Nikatoa simu kwenye kitenge nikaiweka mezani mbele ya wote, ikiendelea kuita. "Nilitaka ikate. Kama ile ya mwezi wa mai. Nday hakukimbia swali yako. Laini ilikatwa hapa kwetu."

Sikusema kwa mkono wa nani. Nisingesema, hata wangenichoma. Kriii iliendelea kutoka chumbani. Nilimwomba Lucien radhi, nikamwambia hana kosa lolote, na kwamba sitaweza kupokea maneno yake. Tabasamu lake lilichukua muda kuondoka, kama abiria wa tramu asiyeamini kwamba ni kituo chake. Alifunga kifungo cha koti akainamisha kichwa.

Ndipo Maman akanyoosha mkono wake mfupi, akaichukua simu yangu, akaikata. Chumbani kukanyamaza.

"Ni mi nilikata, Jean-Marie," alisema. "Mutoto hakujua."

Tonton alivua miwani. Aliifuta kwa shati muda mrefu sana, na sisi tukatazama kipara chake. Alipoivaa tena hakumwuliza Maman kitu; mambo ya wakubwa wangeyasema wao kwa wao, siku nyingine.

"Bon," alisema. "Mi niliuliza muntu swali mwezi wa mai. Sijapata jibu. Mupigie."

Kwetu mtu habipwi kwa jambo kubwa, lakini mazoea yana nguvu, na kidole changu chenyewe kilitaka kulia mara moja na kukata, nimwachie yeye kazi ya kurudisha. Sikukata. Niliacha iite. Iliita mara tano, mara sita, wakubwa wa Lucien wakiokota makoti yao bila kelele, na nilishaanza kujiambia kwamba hatapokea na ni haki yake, alipopokea.

Nyuma yake kulikuwa na mabasi na watu. Alikuwa na mteja mwingine upande wa Ixelles.

"Inakata tena?" Sauti ilikuwa ya fundi, ngumu.

"Hapana. Imeshika. Nimejaribu kuikata mwenyewe, imekataa."

"Alors shida iko wapi?"

"Tonton iko kwenye écran," nikasema. "Anasema bado anangojea jibu yako."

Mabasi nikawa siyasikii tena. Nikaitoa simu sikioni nikaitazama kama imekatika. Sekunde zilikuwa bado zinahesabika.

"Nday?"

"Niko," alisema. "Sijakata."